UZI: Tunabishania mashine za dialisisi, tunasahau glavu na chanjo

1/ Msimu wa siasa ukikaribia hapa kwetu Kilifi, mashine za kuosha damu lazima ziingie kwenye mjadala. Huyu anasema, "Sisi ndio tulileta mashine Malindi." Yule anajibu, "Mashine zenyewe zinaambukiza watu maradhi." Nimeyasikia yote mawili barazani, redioni na humu mitandaoni. Yote mawili yanakwepa jambo lenyewe. Hebu tulieni tuelezane.

2/ Mimi si daktari. Kazi yangu humu mnaijua: kusoma bajeti na sheria, kisha kuzieleza kwa lugha ya nyumbani. Sitataja chama wala mheshimiwa yeyote. Wako na wangu wataulizwa maswali yale yale mwishoni mwa uzi huu.

3/ Dialisisi ni nini? Figo zikishindwa kazi, uchafu na maji hubaki mwilini. Mashine inashika zamu ya figo: damu inatoka, inapita kwenye kichujio, inarudi mwilini ikiwa safi. Kikao kimoja ni kama saa nne. Mgonjwa anarudi mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote, au mpaka apandikizwe figo. Akiacha, wengi hawamalizi wiki mbili tatu.

4/ Sasa piga hesabu. Damu ikizunguka kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika, kwa saa nne ni lita 72. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu. Yaani damu yake yote inatoka na kurudi zaidi ya mara kumi kwa kikao kimoja. Vikao viwili kwa wiki ni vikao 104 kwa mwaka. Anayetumia sindano mbili kila kikao, hiyo ni michomo 208. Mlango wa damu unafunguliwa mara zote hizo.

5/ Mlango ukifunguliwa, wageni watatu ndio wanaoogopwa: virusi vya homa ya ini B, virusi vya homa ya ini C, na virusi vya ukimwi. Wote hupita kwenye damu. Lakini hawana nguvu sawa, na hapo ndipo mjadala wetu unapoharibika, kwa sababu tunawaongelea kana kwamba ni mmoja.

6/ Kuna hesabu ambayo wahudumu wa afya hufundishwa. Nesi ambaye hajachanjwa akijichoma na sindano iliyotoka kwa mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kwa 100. Homa ya ini C, hauzidi 3 kwa 100. Virusi vya ukimwi, kama 3 kwa 1,000. Kumbe yule tunayempigia kelele zaidi ndiye dhaifu kuliko wote kwenye sindano.

7/ Tena virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, hata kwenye tone lililokauka ambalo jicho halilioni. Kwenye mkono wa kiti. Kwenye kitufe cha mashine. Kwenye koleo la kubania mipira. Damu ya mgonjwa wa Jumatatu inaweza kumngoja mgonjwa wa Ijumaa.

8/ Kwa hivyo, je, mashine inaambukiza? Damu ya mgonjwa haiingii ndani ya mashine yenyewe. Inapita kwenye mipira na kichujio chake, na virusi ni vikubwa mno kupenya utando wa kichujio kizima. Mipira ikiwa ya mtu mmoja na ikatupwa baada ya kikao, njia hiyo imefungwa. Maambukizi mengi hupitia nje ya mashine: mikononi, kwenye dawa, na juu ya vitu vinavyoguswa.

9/ Mfano. Nesi mmoja ana wagonjwa watano. Mashine ya kitanda cha pili inalia. Anakimbia, anabonyeza kitufe, anarekebisha sindano. Kabla hajamaliza, ya kitanda cha nne inalia. Akienda na glavu zile zile, amebeba damu ya wa pili kumpelekea wa nne. Nesi huyu si mtu mbaya. Ni mtu mmoja aliyepewa kazi ya watu wawili, na boksi la glavu linalokaribia kuisha.

10/ Mfano wa pili. Mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande kwenye mipira. Kichupa kimoja kinaweza kutosha watu kadhaa. Kikitumbukizwa sindano iliyokwisha kumgusa mgonjwa, kila atakayefuata amechangia damu na yule wa kwanza. Ndiyo maana dawa hutayarishwa mahali safi, mbali na vitanda, na toroli la dawa halizungushwi kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa.

11/ Njia ya tatu ni damu ya kuongezewa, maana wagonjwa wa figo huishiwa damu mara kwa mara. Kenya damu ya msaada hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Hata hivyo, bora mgonjwa asihitaji chupa nyingi. Ipo sindano ya kuusaidia mwili utengeneze damu wenyewe. Sindano hiyo ikikosekana kwenye stoo, mgonjwa anarudi kwenye foleni ya damu.

12/ Sasa kanuni zenyewe, zile za kimataifa ambazo vitengo vya figo hufuata. Mwenye homa ya ini B: chumba chake, mashine yake, vifaa vyake, na nesi anayemhudumia asiwahudumie kwa wakati huo huo wale wasio na kinga. Mwenye homa ya ini C au virusi vya ukimwi: halazimiki kutengwa wala kupewa mashine yake. Glavu mpya, mikono iliyooshwa, dawa safi na sehemu zilizopanguswa kwa klorini zinatosha, zikifanywa kweli kila mara.

13/ Hapo ndipo siasa inapojikwaa. Mheshimiwa anaingia hospitalini na kamera, anaona mashine moja haina mtu, anapiga picha: "Tazameni, wananchi wanakufa na mashine imekaa bure!" Yawezekana imeharibika, na hapo ana haki ya kupiga kelele. Yawezekana pia imetengwa kwa wenye homa ya ini B, na kuiweka mtu mwingine ni hatari. Uliza kwanza kabla hujasambaza picha.

14/ Kuna ambao watasema hizi kanuni ni mbwembwe za Wazungu wenye pesa. La, hata wao walizijua kwa vifo. Mwaka 1969 na 1970, huko Edinburgh, homa ya ini ililipuka kwenye kitengo cha figo. Walikufa wagonjwa, na wakafa wahudumu pia. Mwaka 1972 Uingereza ikatoa ripoti ya taifa kuhusu homa ya ini kwenye vitengo vya dialisisi, na kazi ikabadilika.

15/ Marekani, mwaka 1974, wagonjwa wa dialisisi walioambukizwa homa ya ini B katika mwaka mmoja walikuwa 6.2 kwa kila 100. Mwaka 1977 ukatoka mwongozo: pima wote, tenga wenye virusi, badilisha glavu, safisha. Kufikia 1980 wakashuka hadi kama 1 kwa 100. Chanjo ilikuwa bado haijaanza kutolewa! Iliidhinishwa 1981. Kufikia 1999 walikuwa 0.06 kwa 100.

16/ Soma tena hapo. Kushuka kwa kwanza, kukubwa vile, kuliletwa na vipimo, chumba, glavu na klorini. Si mashine mpya. Hakuna kitu hapo ambacho kaunti ya pwani ya Kenya haiwezi kukifanya. Lakini hakuna pia kitu ambacho mtu anaweza kukikatia utepe.

17/ Na usidhani ni hadithi za kale. Novemba 2024, mjini Multan, Pakistan, ilibainika kwamba wagonjwa wa dialisisi zaidi ya 20 walikuwa wameambukizwa virusi vya ukimwi katika hospitali kubwa ya umma. Hospitali yenye jina na wataalamu. Kumbuka nilivyosema, virusi hivi ndivyo dhaifu zaidi kwenye sindano. Vikifika watu 20 na zaidi, jua uzembe ulikuwa umekita mizizi.

18/ Turudi nyumbani. Zamani mgonjwa wa figo wa Malindi alikuwa hana budi kushuka Mombasa, kama kilomita 120, mara mbili kwa wiki. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, hospitali mbili kila kaunti, pamoja na mashine za dialisisi. Huduma ikasogea. Mtu wa Marafa au Garsen akapata pumzi. Hilo ni jema, na aliyelifanya apewe haki yake.

19/ Lakini mkataba ule uligombaniwa kwa bei: kaunti zinakatwa kiasi gani, nani alitia sahihi. Ni maswali ya haki. Ila sikumbuki mjadala mmoja ambapo mtu aliuliza: mashine tano zikija, manesi wangapi wa figo wanakuja nazo? Chumba cha kutenga kiko wapi? Mashine inakuja mara moja, ilhali glavu zinahitajika kila siku.

20/ Halafu kuna malipo. NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kikao. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kiwango kikawa 10,650. Siasa zetu zote zimekwama hapo: imepanda, haijapanda. Swali kubwa zaidi ni hili: pesa zinafika lini? Malipo yakichelewa miezi, muuzaji wa vifaa anasimamisha mzigo. Hakuna anayesimamisha kikao, kwa sababu mgonjwa atakufa. Kinachobanwa ni glavu, klorini na vipimo. Hatari huingilia hapo, kimya kimya.

21/ Sasa chanjo. Homa ya ini B ina chanjo. C haina, lakini ina vidonge vinavyoponya walio wengi kwa miezi mitatu hivi. Virusi vya ukimwi havina chanjo, vina dawa za kuishi navyo. Kwa hivyo yule hatari zaidi kwenye kitengo cha figo ndiye pekee tunayeweza kumfungia mlango kabla hajabisha.

22/ Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2001. Fanya hesabu: aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Na wagonjwa wetu wengi wa figo ni watu wazima, wa sukari na presha. Yaani wanaokalia viti vile ndio kizazi kilichokosa chanjo.

23/ Tena mwili wa mgonjwa wa figo hauitikii chanjo vizuri. Kwa hivyo hupewa dozi maradufu, mara nyingi nne: leo, baada ya mwezi, miezi miwili, na miezi sita. Kisha hupimwa kama kinga imeshika, na hupimwa tena kila mwaka. Afadhali zaidi achanjwe mapema, figo zikiwa zinaanza kuchoka. Kliniki za sukari na presha huko Gede, Gongoni, Bamba zingekuwa mahali pa kuanzia.

24/ Shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliosha damu miaka miwili katika hospitali ambayo siitaji. Chanjo tuliambiwa tukanunue wenyewe dukani. Dozi mbili tulipata. Ya tatu ilichelewa kwa sababu pesa iliishia kwenye nauli. Hakuambukizwa, alhamdulillahi. Lakini kinga ya mgonjwa isitegemee kama wiki hiyo mpwawe amelipwa mshahara.

25/ Nije kwa wale wa "mashine zinaua." Ndugu zangu, maneno haya yana gharama. Mzee akisikia mashine zinaambukiza, anakaa nyumbani anakunywa mitishamba, na figo hazingoji. Mwenye virusi naye anaficha majibu yake ili asifukuzwe, na kuficha ndiko kunakoambukiza wengine. Ukitaka kupigana na serikali, pigana nayo kwa glavu zilizokosekana. Usimtishe mgonjwa.

26/ Na kutenga si kufukuza. Kitengo kisichokuwa na chumba cha homa ya ini B kitamwambia mgonjwa nini? Aende Mombasa. Mara mbili kwa wiki, nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na anayemshika mkono. Kwa familia ya Ganze au Magarini, hiyo si rufaa, ni hukumu. Kwa hivyo chumba kimoja na mashine moja ya ziada si anasa.

27/ Nani wa kuulizwa? Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Jedwali la Nne linaweka hospitali za kaunti mikononi mwa kaunti, na sera ya afya mikononi mwa serikali ya kitaifa. Tena tangu 2023 kuna sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake ziyatumie. Kwa hivyo mheshimiwa wa kaunti akikwambia "hiyo ni ya Nairobi," mwambie ni nusu tu.

28/ Haya, maswali. Yaandike kwenye simu yako:
• Kila nesi wa dialisisi anahudumia wagonjwa wangapi kwa zamu moja?
• Mgonjwa mpya anapimwa virusi vyote vitatu kabla ya kikao cha kwanza? Anarudiwa kila baada ya muda gani, na nani analipa?
• Chanjo ya homa ya ini B ya wagonjwa na manesi iko kwenye bajeti?
• Kuna chumba na mashine ya waliotengwa?
• Mwaka uliopita, glavu na klorini ziliisha siku ngapi?

29/ Na swali la sita, zito kuliko yote: ni wagonjwa wangapi waliingia wakiwa hawana virusi, kisha wakapatikana navyo wakiwa kwenye matibabu? Nambari hiyo ndiyo mtihani wa kitengo. Ikiwa sifuri, na vipimo vimefanywa kweli, mpongezeni aliye madarakani, hata kama hamkumpigia kura. Ikiwa hakuna anayeijua, hilo nalo ni jibu.

30/ Uliza lini? Mpango wa mwaka wa kaunti unafika bungeni kabla ya 1 Septemba. Mwelekeo wa fedha, kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kabla ya 30 Aprili. Wananchi lazima washirikishwe. Nimehudhuria vikao hivi. Watu huomba barabara, kisima, darasa, na wana haki. Sijawahi kusikia mtu akiomba nesi wa dialisisi. Mwaka huu awepo mmoja.

31/ Ukinyimwa jibu, andika barua. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Lakini chunga: omba nambari, usiombe majina. Kufichua hali ya mtu ya virusi vya ukimwi ni kosa kisheria, na ni ukatili. Hatutafuti nani ana nini. Tunatafuta nani hakufanya kazi yake.

32/ Kama nyumbani kwako kuna anayeosha damu, mwambie ana haki ya kumuuliza nesi kwa upole, "Mwanangu, umebadilisha glavu?" Nesi mzuri hatakasirika. Na nesi akikwambia, "Zimeisha, mama," usimfokee yeye. Andika tarehe, weka kumbukumbu, na uende nayo kwenye kikao cha bajeti.

33/ Basi ndivyo. Atakayesimama jukwaani kusema ameleta mashine, mpigieni makofi, kisha mmuulize glavu ziko wapi. Atakayesimama kusema mashine zinaua, mmuulize yeye atatenga shilingi ngapi za chanjo. Sambaza uzi huu kwa mtu mmoja anayekwenda kwenye kikao cha wadi yenu.